Safu ya Tatu

Ghala la ushirika wetu, hapa Kiboriloni,
lina fomu moja kwa vifo vyote.
Safu ya kwanza, bidhaa. Ya pili, kilo.
Ya tatu, Sababu, imepewa upana wa kidole,
na Meneja Kilewo husema, "Aikande,
andika imeharibika, tufunge mlango."

Haitoshi.

Wali wa wapagazi haukuoza, umechacha.
Ulifunikwa jana ungali moto,
usiku ukajisemea maneno,
asubuhi unateleza vidoleni kama sabuni.
Kuchacha ni jambo la siku moja.
Hata mimi huchacha kila tarehe ishirini na mbili
na hakuna anayenimwaga.

Nyanya ndiyo huoza. Huanza na doa,
doa linaomba kukaa pembeni tu,
kesho linapokea wageni,
keshokutwa tenga zima linalia maji.

Yai halina doa. Yai viza ni jeupe, la duara, lina adabu.
Mpaka ulitikise sikioni
ndipo usikie linavyojimwaya humo ndani.

Mkate huota ukungu,
na ukungu ni jina lilelile
la kile kinachoshuka mlimani saa kumi na mbili
kikaficha Kibo, kikaficha migomba, kikaja mpaka dirishani.
Sijui nani aliyewapa jina moja.
Labda mtu aliyefungua kabati asubuhi ya mwezi wa tano.

Mizani yetu haiozi, ni chuma, ina kutu.
Lakini zile kilo mbili inazowapunja wakulima
si kutu.

Mama yangu, Kibosho, alivundika ndizi za mbege:
majani makavu chini, majani makavu juu,
giza, joto, subira.
Vundika na vunda wametoka tumbo moja.
Silabi moja imewatenga, na siku mbili.
Mama hakuhesabu siku. Alipiga goti, akanusa,
akasema "bado," au "leo,"
na mara moja tu katika maisha yangu, mwaka aliofiwa na kaka,
alisema "nimechelewa," akafunika tena.

Sasa mstari wa mwisho. Mahindi, gunia sitini.
Jumanne niliyahesabu, nikang'ata punje,
kavu, ikaniumiza jino.
Jumatano usiku Fuso lilikuja,
namba zake zimepakwa tope, na mvua haijanyesha wiki tatu.
Alhamisi: "Andika yameoza."

Nikasimama kwenye sakafu tupu nikanusa kama mama.
Kilichooza huacha harufu.
Pale palinukia ufagio.

Nikatafuta neno.
Ufisadi ni neno la redioni, la majukwaa,
lina tai na maiki, haliingii kwenye upana wa kidole.
Rushwa ni ile bahasha iliyokuwa chini ya kikombe changu,
niliyoirudisha, nikijua bei ya mabati.
Tunasema pia "amekula," huku tunacheka,
kama kwamba mtu alikuwa na njaa tu, masikini,
na sisi tumemkaribisha.

Halafu nikamkumbuka fukusi.
Hagusi ganda. Anaingia kwa tundu la sindano,
anakula moyo, anaoa humo humo, anazaa,
na punje inabaki na sura yake, inang'aa,
ukiiweka kiganjani ni nyepesi kama ahadi.
Gunia linasimama wima. Jengo linasimama wima.
Kibao chetu kimepakwa rangi mpya.

Nikaandika: yamebunguliwa.

Kilewo akasoma, akavua miwani, akafurahi.
"Hilo ni zuri zaidi," akasema, "la kitaalamu."
Akatia sahihi kubwa, yenye mkia,
akaagiza dawa ya wadudu, lita tano.

Imeletwa leo.
Nimevaa barakoa, nimenyunyiza kuta nne,
nimenyunyiza chaga,
na iliyobaki nimeipeleka ofisini kwake,
nikaanzia kwenye kiti.